Mizani ya roho: kitanga cha pili kina nini?

Siku zile tulipokuwa msibani kwa babu mdogo, ujumbe mmoja ulizunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu mpaka ukarudi mara tatu. Ulikuwa na picha ya mtu mwenye kichwa cha mbweha amepiga goti chini ya mizani, na maandishi haya: wanasayansi wamethibitisha kuwa roho ya binadamu ina gramu 21, Wamisri wa kale waliijua siri hiyo, Biblia inaitaja, malaika Mikaeli hupima roho kama ilivyoandikwa, Kurani inaitaja, tuma kwa watu kumi. Ukoo wetu una Waislamu na Wakristo na tunazikana wote, kwa hiyo ujumbe ulipata wa kuuamini kila upande. Jioni shangazi, amekaa mkekani anachambua mchele wa hitima, akaniita. "Mwanangu, wewe unayesomasoma. Sasa mtu amwombe Mungu roho yake iwe nzito au iwe nyepesi?"

Swali la shangazi lina akili kuliko ujumbe wenyewe. Ujumbe umefunga kamba moja vitu ambavyo havikuzaliwa nyumba moja: jaribio la daktari wa Marekani, mchoro wa Misri, aya za Kurani, na picha za makanisa ya Ulaya. Kila kimoja kingemjibu shangazi kwa namna yake, na majibu mengine yanapingana kabisa. Naomba nivifungue kimoja kimoja.

Tuanze na chombo. Siku hizi ukitaja mizani, mtu anaona ile ya saa inayoning'inia buchani, au ile ya umeme yenye namba nyekundu, au kituo cha mizani barabarani, kama pale Vigwaza au Mariakani malori yanapopanga foleni. Zote hizo zinajibu swali moja: kilo ngapi? Mizani ya kwenye michoro ya hukumu ni nyingine. Ni mti uliolala, umeshikwa katikati, na vitanga viwili vinaning'inia kwa minyororo huku na huku. Nimekulia nyuma ya mizani ya namna hiyo, dukani kwa mama, ikiwa imetundikwa kwenye ndoano ya boriti. Kitanga hiki mama aliweka jiwe la chuma la nusu kilo. Kitanga kile alimimina sukari kwa upawa. Vitanga vilipanda na kushuka, mama akingoja vitulie, mteja naye ameinama anaangalia. Mama akidondosha chembe kidogo tu, mti unalala sawa. Mteja mwenye wasiwasi alimwomba abadilishe, jiwe lije huku na sukari iende kule. Mizani ya kweli, ukibadilisha vitanga, jibu ni lile lile.

Mizani ya hivyo haijui kilo. Inajua kulinganisha tu. Ukiiona kwenye mchoro wowote wa hukumu, usiulize kitu kile kina uzito gani. Uliza kitanga cha pili kina nini.

Na roho nayo? Kwetu roho ni uhai, ndiyo maana mtu hukata roho. Nafsi ni mtu mwenyewe, yule atakayeulizwa. Moyo ni nyama iliyo kifuani, na pia ndipo nia inapokaa. Amali ni matendo yaliyokwisha kutendwa na kuandikwa. Tukizungumza barazani tunayachanganya maneno haya bila madhara, lakini hapa yanahitaji kutenganishwa, kwa sababu katika imani nyingi zenye mizani, kinachowekwa kitangani si roho. Kuna wanaoweka moyo, kuna wanaoweka amali, na Wagiriki wa kale waliweka ajali, kwa ile maana yake ya zamani: siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Katika utenzi wao mkubwa wa vita vya Troya, Zeus, mkuu wa miungu yao, anainua mizani ya dhahabu na kuweka ajali ya shujaa Achilles upande mmoja na ya adui yake Hector upande wa pili. Ya Hector inazama, na siku hiyo hiyo Hector anauawa. Hapo hakuna habari ya dhambi wala thawabu. Hector alikuwa mtu mwema. Kuzama kulimaanisha kufa, basi.

Sasa zile gramu 21, maana ndizo zilizowapa watu imani kwamba mambo yamethibitishwa. Kulikuwa na daktari aliyeitwa Duncan MacDougall, wa mji wa Haverhill, jimbo la Massachusetts. Alikiweka kitanda juu ya mizani kubwa, akalaza juu yake wagonjwa mahututi, wengi wao wa kifua kikuu waliokwisha kuishiwa nguvu, akasubiri wafe huku akiangalia mizani. Matokeo aliyachapisha mwaka 1907. Wagonjwa walikuwa sita tu. Wawili aliwaondoa mwenyewe kwenye hesabu kwa sababu vipimo havikukamilika. Waliobaki hawakulingana, mwingine uzito ulipungua, kisha ukapungua tena baadaye, na mwingine ulipungua ukarudi. Ile namba 21 inatoka kwa mgonjwa mmoja, yule wa kwanza, aliyepungua robo tatu ya wakia. Ni kama vijiko vitano vya chai vya sukari.

Mwaka huo huo daktari mwenzake, Augustus Clarke, alimkumbusha kwamba mtu anapoacha kupumua mapafu hayapoozi tena damu, mwili unapata joto, na jasho linatoka. Jasho lina uzito. MacDougall aliwapima pia mbwa 15 wakati wa kufa, hakuona wamepungua, naye akasema ni kwa kuwa mbwa hawana roho. Lakini mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu; anahema kwa ulimi. Kwa hiyo jaribio hili halikuthibitisha roho wala halikuikanusha. Na mizani yake ilikuwa ya swali la kilo ngapi. Haina uhusiano wowote na mizani ya Misri, ya Kurani wala ya makanisani. Dini hizi zote hazikuwahi kumwambia mtu roho yake ina gramu kadhaa.

Twende Misri, kwenye picha yenyewe ya mbweha. Mchoro unaosambazwa mara nyingi ni wa karatasi ya mafunjo ya mwandishi wa kifalme aliyeitwa Hunefer, ya karibu mwaka 1275 KK, na sasa uko British Museum, London. Usome kutoka kushoto kwenda kulia kama katuni ya gazetini, kwa sababu mtu yule yule amechorwa zaidi ya mara moja. Kwanza Anubis, mungu mwenye kichwa cha mbweha, anamwongoza Hunefer kwa mkono. Hunefer amevaa kanzu nyeupe ya kitani. Kisha Anubis amepiga goti chini ya mizani, anaituliza kamba yake, kama mama alivyokuwa akingoja vitanga viache kucheza. Kitanga kimoja kina moyo wa Hunefer, uliochorwa kama kijungu kidogo chenye masikio. Cha pili kina unyoya wa mbuni, alama ya Maat, yaani ukweli, haki na mpango mwema wa dunia. Pembeni amesimama Thoth, mungu mwenye kichwa cha ndege, kalamu mkononi, anaandika jibu. Na chini ya mizani anangoja Ammit: kichwa cha mamba, kifua cha simba, makalio ya kiboko. Moyo ulioshindwa huliwa na huyo, na mtu anakuwa hayuko tena.

Hapa ndipo kosa linalorudiwa zaidi. Watu husema moyo ulitakiwa uwe mwepesi kuliko unyoya. Utazame mti wa mizani ya Hunefer: umelala sawa. Ndivyo ulivyochorwa katika karatasi nyingi za namna hiyo. Unyoya pale ni jiwe la mizani, kile kipimo cha haki ambacho moyo unalinganishwa nacho, na mtu aliyefaulu ni yule aliyekuwa sawa na ukweli. Ukifikiri sukari na jiwe la nusu kilo utaelewa haraka: mama hakutaka sukari iwe nyepesi kuliko jiwe, alitaka vilingane.

Kosa jingine ni kudhani picha hizi zinatoa habari za lililotokea. Hunefer, au jamaa zake, ndio waliotengenezesha karatasi ile izikwe naye. Ni dua iliyochorwa. Hakuna aliyelipia picha ya moyo wake ukitafunwa. Na hofu yao inaonekana kwenye kitu kingine walichozikwa nacho: jiwe la umbo la yule mdudu anayefingirisha mavi, linawekwa kifuani, limechongwa maneno ya kuusihi moyo usimshuhudie mwenyewe vibaya mbele ya mshika mizani. Waliotengeneza maiti waliutoa ubongo wakautupa, lakini moyo waliuacha mahali pake, kwa sababu ndio uliojua kila kitu. Mimi huguswa sana na jiwe hilo. Mtu anaogopa shahidi anayedunda ndani ya kifua chake.

Kabla ya kupimwa, maiti anasimama mbele ya waamuzi 42 na kukana makosa moja moja. Sikuua. Sikuiba. Kisha linakuja kanusho ambalo mtu yeyote wa sokoni atalisikia vizuri: sikuongeza uzito wa mizani, sikuichezea kamba yake. Anayekwenda kupimwa anaapa kwanza kwamba yeye mwenyewe hakupunja. Kitabu cha Mithali katika Biblia nacho kinasema, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana," na Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjao na inayoanza kwa kuwatakia ole. Kwa maoni yangu hapo pana maelezo bora ya kwa nini mizani inajitokeza katika dini nyingi kiasi hiki. Watu hupenda kusema wote waliwaiga Wamisri. Michoro ya Misri ni ya zamani zaidi, hilo kweli, lakini kufanana peke yake hakutoshi kuthibitisha kuigana. Mizani ilikuwa katika kila soko, na katika kila soko palikuwa na mjane aliyepunjwa nafaka akarudi nyumbani bila wa kumshitakia. Anayeuziwa gunia la lumbesa leo anajua uchungu huo. Kumwambia mtu huyo kwamba iko mizani moja isiyochezewa ni kumwambia jambo analolielewa mara moja.

Tukifika kwenye Biblia, mizani imo, ila si pale wengi wanapodhani. Katika Danieli sura ya 5, mkono unaandika ukutani mbele ya mfalme Belshaza, na neno mojawapo ni tekeli: "umepimwa katika mizani nawe umeonekana kuwa umepunguka." Hapa kasoro ni wepesi. Mfalme ni kama sarafu iliyokatwa pembeni, haifiki uzito wake. Ayubu naye, katika sura ya 31, anaomba apimwe katika mizani iliyo sawasawa, kwa kuwa ana hakika na nafsi yake. Mizani ya Ufunuo sura ya 6, ile ya mpanda farasi mweusi, ni ya njaa. Sauti inayofuata inataja bei ya kibaba cha ngano. Na malaika Mikaeli, ambaye ujumbe wa WhatsApp unasema hupima roho "kama ilivyoandikwa", katika Biblia anapigana na joka. Hajawahi kushika mizani humo. Nitamrudia.

Kurani inalisema jambo hili wazi zaidi. Katika Sura Al-Qariah, ya 101, ambaye mizani yake itakuwa nzito atakuwa katika maisha ya kupendeza, na ambaye itakuwa nyepesi makazi yake ni moto. Katika Sura Al-Anbiya, aya ya 47, mizani za uadilifu zitawekwa Siku ya Kiyama na hakuna nafsi itakayodhulumiwa, hata kitu kikiwa na uzito wa chembe ya khardali kitaletwa. Kwa hiyo shangazi, ambaye ni Mwislamu, jibu lake lilikuwa karibu naye siku zote: aombe uzito. Lakini uzito wa nini? Wa mema. Wanazuoni wamejadiliana kama zitakazopimwa ni amali zenyewe zikipewa umbo, au daftari zilizoandikiwa, au mja mwenyewe, na kila kauli ina hadithi ya Mtume inayoitegemeza. Kundi la Mu'tazila, katika karne za mwanzo, lilisema mizani ni lugha ya mfano ya uadilifu. Ahli Sunna wakashikilia kuwa ni mizani ya kweli yenye vitanga viwili. Hakuna kati yao aliyesema itapimwa roho kujua ina gramu ngapi.

Iko hadithi katika mkusanyiko wa Tirmidhi ambayo masheikh huipenda, nami pia. Mtu mmoja analetewa daftari 99 za madhambi, kila moja ndefu hadi upeo wa macho. Anaulizwa kama anapinga lolote, anasema hapana. Kisha anatolewa kikaratasi kimoja chenye shahada, yaani ule ushuhuda kwamba hakuna mungu ila Allah na Muhammad ni Mtume wake. Mwenyewe anashangaa: Mola wangu, kikaratasi hiki kitafaa nini mbele ya madaftari yote haya? Daftari zinawekwa kitanga hiki, kikaratasi kile, na daftari zinaruka juu. Msikilizaji aliyedhani mizani hii ni ya kuhesabu tu, jema moja kwa ovu moja, hapo anasimama kidogo. Uzito wa jambo hauendani na ukubwa wake.

Misikitini hutakuta jambo hili limechorwa ukutani. Linakaa masikioni, kwenye mawaidha na tenzi. Wakristo wa Ulaya ndio waliolichora na kulichonga, na hapo Mikaeli akapewa mizani mkononi. Katika lango la kanisa kuu la Autun, Ufaransa, lililochongwa miaka ya 1130 hivi, malaika anashika upande wake wa mizani kwa upole, viroho vidogo vimejificha kwenye pindo la vazi lake, na upande wa pili shetani mwembamba, mbavu nje, anakivuta kitanga chini. Anapunja. Mchongaji alilijua soko.

Sasa linganisha michoro miwili. Wa kwanza uko Beaune, Ufaransa, kazi ya Rogier van der Weyden ya katikati ya karne ya 15, uliotengenezwa kwa ajili ya hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443. Uliwekwa mwisho wa ukumbi wa wodi, wagonjwa wakiwa vitandani, na siku za Jumapili na sikukuu mbao zake zilifunguliwa wauone. Katikati amesimama Mikaeli, uso umetulia, macho yanamtazama mtazamaji moja kwa moja. Kitangani kuna watu wadogo walio uchi, mmoja ameandikiwa fadhila, mwingine dhambi. Kitanga cha dhambi kimeshuka. Dhambi ni mzigo, na mzigo unavuta chini. Wa pili uko Gdańsk, Poland, kazi ya Hans Memling, uliokuwa njiani kwenda Florence ukatekwa baharini mwaka 1473. Mikaeli wa humo amevaa deraya ya chuma, na kitanga kilichoshuka ni cha aliyeokoka, anayesali. Aliyepotea ndiye aliyepanda juu, hana uzito, kama Belshaza. Wachoraji waliofanya kazi nchi moja, wanatofautiana kizazi kimoja, imani ile ile, na majibu yao kwa shangazi yanapingana.

Wangewezaje kutofautiana hivyo kama kungekuwa na fundisho rasmi la uzito wa roho? Halikuwepo. Mchoraji alichagua mfano: dhambi kama mzigo, au wema kama dhahabu halisi isiyopungua. Kila mfano unasema kweli upande wake. Wakristo hufundisha kwamba wokovu ni neema, na Waislamu wana hadithi sahihi isemayo hakuna atakayeingia peponi kwa amali zake tu bila rehema ya Mungu. Mizani haikuwekwa kuifunga mikono ya rehema.

Wazoroastri, dini ya kale ya Uajemi ambayo Waparsi waliifikisha mpaka Zanzibar, wana mizani yao pia mikononi mwa Rashnu, mmoja wa waamuzi wa wafu, kwenye daraja wanalopita wafu. Vitabu vyao vinasema haipindi hata kwa unene wa unywele, kwa mtawala wala kwa maskini.

Nilichomsimulia shangazi usiku ule, hata hivyo, kilitoka karibu zaidi, Ethiopia, katika visa vya miujiza ya Maria vinavyosomwa na Kanisa la Othodoksi na kuchorwa kwenye kuta zake. Palikuwa na mtu aitwaye Belai, aliyepotoshwa na shetani akawa mla watu. Aliwaua na kuwala zaidi ya sabini, wakiwemo wa nyumbani kwake. Siku moja njiani akamkuta mgonjwa wa ukoma, amekauka kwa kiu, anaomba maji. Belai akakataa. Akaombwa kwa jina la Mungu, akakataa. Akaombwa kwa jina la Maria, akakumbuka kwamba tangu utotoni alisikia jina hilo likiokoa, akainamisha chombo chake akampa maji kidogo. Belai akafa. Kwenye mizani wakawekwa wote aliowala, kitanga kikazama. Upande wa pili yakawekwa yale maji. Maria akasogea, kivuli chake kikaangukia kitanga cha maji, na kitanga kikashuka.

Shangazi aliuacha mchele. Nilidhani ataniuliza kama ni haki wale sabini na zaidi washindwe na maji ya kulowesha koo, swali ambalo mimi mwenyewe nimelibeba miaka mingi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na yule mgonjwa, kiu ilikata?"